Mji una faida gani kumtunukia heshima mtu ambaye tayari ana jina?

Swali

"Shikamoo Mzee. Mimi ni mkazi wa Ujiji, na nimo katika kamati ndogo iliyoundwa katani kwetu kuandaa mapendekezo ya kupeleka manispaa. Vijana wanataka wanamuziki na wachezaji wenye asili ya Kigoma, ambao sasa wanajulikana nchi nzima, wapewe heshima rasmi ya mji: ufunguo wa mji, au ukazi wa heshima, au mtaa uitwe kwa majina yao. Wazee wetu wanapinga. Wanasema mtu mwenye nyumba na magari Dar es Salaam hana haja na karatasi yetu, na kwamba fedha ya sherehe ingenunua madawati. Nimewasikiliza wote na nimekosa la kusema. Heshima ya namna hii ina kazi gani hasa? Ina thamani yoyote, au ni shamrashamra tu?"

Jibu

Marahaba. Kabla ya kustaafu na kutulia hapa Tabora, nilifanya kazi ya utamaduni na itifaki katika halmashauri za mikoa hii yetu ya magharibi kwa miaka mingi, na swali kama lako niliulizwa na madiwani, na wahasibu, na hata madereva waliokuwa wakitupeleka ukumbini. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu ndiyo au hapana peke yake itakuacha palepale ulipo, katikati ya vijana na wazee.

Nianze na wazee, maana hoja yao ni nzito kuliko inavyosikilizwa. Ni kweli kwamba heshima ya mji haimpi anayeipokea kitu cha kushika zaidi ya hati, ngao, au ufunguo wa shaba usioingia katika kitasa chochote. Waingereza, ambao wamelizoea sana jambo hili, wameliweka wazi katika sheria yao ya serikali za mitaa ya mwaka 1972: baraza linaweza kumwingiza mtu katika orodha ya watu huru wa heshima wa mji, ndivyo wanavyowaita wanaotunukiwa na mji, lakini kuingizwa huko hakumpi zile haki juu ya mali ya mji walizokuwa nazo watu huru wa asili. Hata hivyo sheria hiyohiyo inadai kwamba uamuzi upitishwe na angalau theluthi mbili ya wajumbe wanaopiga kura, tena katika kikao kilichoitwa mahsusi kwa shughuli hiyo. Ningependa wazee wako walitafakari hilo. Kitu kisichokuwa na faida ya mkononi kimewekewa mlango mwembamba kuliko maamuzi mengi ya kawaida ya baraza. Watu wenye akili zao hawajengi lango imara namna hiyo kulinda kitu kisicho na thamani.

Zamani, bila shaka, thamani ilikuwa ya mkononi. Katika jiji la London, ambako kumbukumbu za kuwapa watu uhuru wa mji zinarudi nyuma hadi mwaka 1237, aliyepewa uhuru huo alipata haki ya kufanya biashara ndani ya mji, jambo ambalo mtu wa nje hakuruhusiwa kulifanya hivihivi. Ufunguo nao ulikuwa ufunguo kweli. Miji ilizungushiwa kuta, malango yakafungwa usiku, na aliyekabidhi funguo alikuwa amekabidhi mji. Mwaka 1347, baada ya mji wa Calais huko Ufaransa kuzingirwa kwa karibu mwaka mzima, watu sita wa mji huo walitoka na kamba shingoni kumpelekea mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza funguo zao. Baadaye kuta zilibomolewa, biashara ikafunguliwa kwa wote, na kilichosalia ni alama.

Watu wakifika hapo husema "alama tu", kana kwamba alama ni kitu kidogo. Sisi wa Unyamwezi hatuna sababu ya kusema hivyo. Watemi wetu walivaa kibangwa, kipande cha mviringo kilichokatwa katika kombe la baharini. Kombe hilo lilitoka Bahari ya Hindi, likapanda bara pamoja na misafara mwendo wa miezi, na huko lilikotoka ufukweni lilikuwa kombe kama makombe mengine. Lilipofika huku likawa dalili ya utemi, na mtu wa kawaida hakuthubutu kulivaa. Njiani hakuna kilichobadilika katika kombe lenyewe. Kilichobadilika ni nani amelivaa, nani amemvalisha, na watu gani wamesimama kushuhudia. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba hati ya manispaa ni karatasi ya shilingi mia chache, mkubalie, kisha umuulize kibangwa kilikuwa cha bei gani pwani.

Sasa niseme ninavyoielewa kazi ya heshima hii. Tuna msemo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Wengi huutumia kuzungumzia bahati ya mchezaji, nami naona umebeba habari zaidi juu ya mwenye kutunza. Kumbuka jinsi watu wanavyotunza katika taarabu. Mama anainuka kitini, anaukatisha ukumbi kwa mwendo wa taratibu na noti ameinua juu kila mtu aione, anafika kwa mwimbaji, anampa, anageuka na kurudi. Mwimbaji amepata noti yake na ameshaisahau. Ukumbi mzima, hata hivyo, unamsoma yule mama: kwa nini ameinuka katika ubeti huu na si katika ule uliopita, anamwambia nani, anajisemea nini. Noti moja imetangaza msimamo wake mbele ya watu ambao kesho atakutana nao sokoni.

Heshima ya mji ni mji wenyewe kuinuka kitini. Anayetunukiwa anaweza kufaidika au asifaidike, lakini aliyesomwa na wote ni mji. Wasomaji wanauliza kwa nini umeinuka hapa, kwa ajili ya ubeti gani. Ndiyo maana naamini kwamba thamani yote ya jambo hili imo katika sababu inayotajwa na katika njia iliyotumika kuifikia, na kwamba umaarufu wa anayepewa hauongezi wala kupunguza kitu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Glasgow, mji mkubwa wa Scotland. Mwaka 1981 mji huo ulimpa Nelson Mandela uhuru wa mji. Wakati huo Mandela alikuwa mfungwa, hana uwezo wa kuja kupokea, hana wimbo wala mechi ya kuwachezea watu, na katika nchi hiyohiyo ya Uingereza walikuwapo wengi waliomwita gaidi. Glasgow haikumngoja akubalike kwanza. Meya wake aliendelea na jambo hilo kwa kuanzisha tamko la kudai Mandela aachiliwe, likatiwa saini na mameya wa miji mingi duniani. Kisha mwaka 1986 mji ukafanya jambo ambalo mtu wa itifaki kama mimi hulisimulia kwa furaha: ukabadilisha jina la kiwanja cha St George's Place, ambako ulikuwapo ubalozi mdogo wa serikali ya makaburu, kikaitwa Nelson Mandela Place. Tangu siku hiyo kila aliyetaka kuuandikia ubalozi ule barua kwa anwani kamili ilibidi aandike jina la mtu ambaye serikali ile ilikuwa imemfunga. Mwaka 1993, akiwa ameshatoka gerezani, Mandela alifika Glasgow kuipokea heshima yake, na mbele ya umati uliokusanyika uwanjani akacheza jukwaani huku mvua ikinyesha.

Pima mwenyewe nani alipata nini hapo. Mandela alipata dalili kwamba hakusahauliwa, na kwa mfungwa hilo si dogo. Lakini mtoto wa Glasgow aliyezaliwa baadaye alipata zaidi, kwa sababu anaishi katika mji ambao anaweza kusema kwamba ulisimama upande huu wakati kusimama huko kulikuwa na gharama. Hakuna bajeti ya maendeleo inayoweza kununua jambo hilo kwa kuchelewa.

Linganisha na upande wa pili. Septemba 2023 meya wa New York alimkabidhi mwanamuziki Sean Combs ufunguo wa jiji. Haikutimia mwaka. Mei 2024 ilitangazwa video iliyomwonyesha akimpiga mwanamke, na Juni meya yuleyule akamtaka aurudishe ufunguo, ukarudishwa. Aung San Suu Kyi wa Myanmar alikuwa amepewa heshima na miji kadhaa kwa sababu zilizoonekana kubwa kabisa, lakini serikali aliyoiongoza iliponyamazia mateso ya Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo, Oxford na Dublin ziliifuta heshima yake mwaka 2017, na Paris ikafuata mwaka 2018. Historia inatuonyesha makubwa kuliko hayo: mwaka 1933 miji mingi sana ya Ujerumani ilishindana kumpa Hitler ukazi wa heshima, na mabaraza mengine yamelazimika kukutana miongo mingi baadaye kujadili namna ya kuliondoa jina hilo katika vitabu vyao.

Katika mifano hiyo mitatu kosa si la aina moja, na ni vizuri kamati yenu iyatofautishe. Kwa Suu Kyi miji ilitaja tendo la kweli, yaani miaka ya kifungo cha nyumbani kwa ajili ya kudai demokrasia, kisha mtu akageuka. Miji iliyoandika sababu yake vizuri iliweza pia kueleza kwa heshima kwa nini sababu hiyo haisimami tena. Ya Ujerumani ilikuwa hofu na kujipendekeza, watu wakitafuta kivuli cha mwenye nguvu. Na pale ambapo mji unatoa ufunguo kwa sababu mtu yupo kileleni na kamera zipo, mji umeegemea kitu ambacho hauna mamlaka nacho. Umaarufu ni mali ya umma unaomtazama msanii mwaka huo. Ukiondoka, heshima iliyojengwa juu yake inabaki inaning'inia.

Nitakusimulia niliyoyaona mwenyewe, na halmashauri yenyewe sitaitaja. Tulimwita mchezaji wa mpira aliyezaliwa katika moja ya kata zetu, kijana mstaarabu aliyekuwa ameanza kung'ara katika ligi. Zilifungwa turubai mbili, ikaja ngoma, yakaja magari. Hati yake ilikuwa imechapwa usiku wa kuamkia siku hiyo, na jina la baba yake lilikosewa herufi mbili. Niliona macho yake yakisimama juu ya jina lile. Aliinamisha kichwa, akashukuru kwa sauti ya chini, akapiga picha na viongozi karibu thelathini, wengine mara mbili. Chini ya jina hati ilisema kwamba anapewa heshima "kwa kutambua mchango wake", bila neno moja zaidi. Mchango gani, kwa nani, hata mimi niliyekuwa sekretarieti sikuweza kusema. Jambo lenyewe halikuwa limepita katika kikao; liliamuliwa ofisini siku nne kabla. Karibu miaka mitatu baadaye nilikuwa natafuta jalada stoo, nikaikuta nakala ya hati ile chini ya mifuko ya dawa ya kutibu maji, fremu imepasuka kona, unyevu umekula muhuri. Katika muhtasari wa vikao vya mwaka ule hakuna hata mstari mmoja. Ukiniuliza leo iwapo mji ule ulimheshimu kijana yule, nitakujibu kwamba hapana. Ulimtumia kwa saa tatu.

Na katika mwaka mwingine, mahali pengine, niliona kinyume chake. Mwanamuziki aliyekuwa amealikwa alituma ujumbe mapema akisema kwamba atakuja, lakini anaomba siku hiyo pia aitwe mwalimu wake wa darasa la nne, aliyemfundisha kuimba kwaya. Mwalimu alikuwa mama mtu mzima, alishastaafu, anauza mbogamboga karibu na stendi. Alikuja na kanga mbili mpya, moja kajifunga, nyingine kaikunja na kuiweka mapajani. Jina lake liliposomwa alikaa vilevile, akifikiri ameitwa mwingine, hadi jirani alipomgusa bega. Alipewa hati sawasawa na ya msanii, karatasi ileile, muhuri uleule. Aliikunjua ile kanga ya mapajani, akaifungia hati ndani yake kama mtu anavyomfunga mtoto mchanga, akarudi kukaa. Watu walilia. Msanii alipiga magoti mbele yake, na hapakuwa na haja ya mshereheshaji kueleza chochote. Nimekaa katika sherehe nyingi. Ile ndiyo niliyoiona ikifanya kazi yake yote.

Hapo ndipo ninapofika kwenye hoja ya vijana wenu, ambayo nayo ni ya kweli. Wanasema mtu akiheshimiwa kwao, atakumbuka kwao. Ninyi wa Kigoma mnayo lugha ya zamani ya kulieleza hilo. Katika Buha ilikuwapo desturi ya ubugabire: mwenye mifugo alimkabidhi mwenzake ng'ombe, na tangu siku hiyo wawili hao wakafungwa na wajibu wa pande zote mbili, huyu wa ulinzi, yule wa utumishi na uaminifu. Desturi ile ilikuwa na ukubwa na udogo ndani yake ambao leo hatuutaki, lakini ilijua jambo moja ambalo sherehe zetu nyingi hazilijui, kwamba zawadi inayotolewa mbele ya mashahidi huanzisha uhusiano. Mji unaotoa hati na kusahau umevunja uhusiano siku ileile ulipouanza.

Wala msidhani wenye majina hawana haja na hilo. Mtu anayepigiwa makofi kila mahali hupungukiwa na mahali ambapo anajulikana kwa jina la mama yake. Mwaka 2012 wanamuziki wenye asili ya Kigoma walijikusanya chini ya jina la Kigoma All Stars, na Desemba 2019 Diamond Platnumz aliposherehekea miaka 10 ya muziki wake alikuja kufanya tamasha Uwanja wa Lake Tanganyika, ingawa kumbi kubwa zaidi zilikuwapo kwingine. Watu hawa hawakungoja ufunguo ndipo waitaje Kigoma. Kwa hiyo hoja ya kwamba tuwape ili watukumbuke ina kasoro. Walio wengi wanakumbuka, na swali linalotuhusu ni iwapo mji una cha kuwaambia wanaporudi. Kule Senegal, Sadio Mané alijenga hospitali katika kijiji chake cha Bambali, mahali palipo mbali na mji mkuu kama sisi tulivyo mbali na pwani, na baada ya ushindi wa Kombe la Afrika mwaka 2022 uwanja wa mpira wa Sédhiou, makao ya mkoa wao, ukaitwa kwa jina lake. Hapo mji ulikuwa na sentensi kamili ya kusema, na sehemu kubwa ya sentensi hiyo haikuhusu mabao.

Naomba pia msifungie mlango wasiozaliwa kwenu. Jane Goodall aliyefariki Oktoba 2025 alishukia Kigoma mwaka 1960 akielekea Gombe, na utafiti wake juu ya sokwe ndio uliolifikisha jina la mkoa wenu katika vyuo vya dunia nzima. Mwaka 1994 taasisi yake ilianza mradi katika vijiji vinavyozunguka hifadhi ile, wa kupanda miti, elimu na afya, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba msitu hautapona ikiwa wanaouzunguka hawana kuni wala mashamba ya kutosha. Huyo naye ni mtu wa Kigoma kwa kipimo ninachokieleza, kwani kipimo changu ni tendo lililofungamana na mahali. Na Ujiji yenyewe inalo fundisho la kale. Kwa zaidi ya miaka mia moja mgeni anayefika kwenu huonyeshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Ni historia, na ihifadhiwe. Lakini ukumbusho ule ulisimamishwa na wengine kwa ajili ya mtu waliyemchagua wao. Kama wenyeji hamtainuka kumtunza mnayemwona anastahili, watu wa mbali wataendelea kuwachagulia.

Kuhusu madawati sina maneno mengi. Gharama ya heshima ni karatasi, wino na kikao ambacho madiwani wangekaa hata hivyo. Kinachokula fedha ni turubai, vyakula, posho na muziki wa kukodi, na vyote hivyo vinaweza kuachwa bila heshima kupungua hata chembe. Mapato ya ndani ya halmashauri yana madai mengi ya haki juu yake, na kati yake kuna asilimia 10 ambayo sheria imeitenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mimi ningewaunga mkono wazee wenu waziwazi katika hili: sherehe ifanyike ndani ya kikao cha baraza, milango wazi, wananchi wakaribishwe, na anayetaka kumpikia msanii pilau ampikie nyumbani kwake. Waliozoea kulipia sifa wana mahali pao. Huko Hollywood, ili nyota ya msanii iwekwe katika njia ile ya watembea kwa miguu, wadhamini wake hulipa makumi ya maelfu ya dola za Marekani, na chama cha wafanyabiashara ndicho kinachoiendesha shughuli. Watalii wanafurahi, nami sina neno nao, ila hiyo ni biashara ya mji na si neno la mji.

Jina la mtaa ni jambo zito kuliko ufunguo, na ningependa mlitenge. Ufunguo unawekwa kabatini. Jina la mtaa linaandikwa katika hati za viwanja, bili za maji na kadi za kliniki. Mwaka 2022, kabla ya Sensa, mitaa mingi nchini ilipewa majina kwa haraka katika zoezi la anwani za makazi, na sehemu nyingine majina yalichaguliwa kwa siku moja. Ushauri wangu ni kwamba mtaa apewe aliyekwisha kufariki, au aliye hai ambaye kazi yake imekamilika na kupimwa na wakati. Eldoret ilimpa Kipchoge Keino uwanja akiwa hai na haijajuta, nakubali. Lakini alikuwa ameshashinda, ameshastaafu riadha, na alikuwa anaishi hapohapo akilea watoto yatima. Kijana wa miaka 25 mwenye wimbo unaovuma mwacheni apumue kwanza. Kumbukeni pia kwamba taifa letu lilimpa John Stephen Akhwari nishani mwaka 1983, miaka 15 baada ya Olimpiki ya Mexico ambako alianguka, akaumia goti, akaimaliza marathoni wa mwisho kati ya wote waliomaliza. Miaka ile 15 haikuipunguza heshima yake, na sababu yake haikuwa ushindi.

Basi mkikutana tena, msianze na orodha ya majina. Anzeni na sentensi. Kila anayempendekeza mtu aandike sentensi moja inayoanza na "Baraza linamtunukia kwa sababu" na kuishia na tendo linaloonekana, lenye mahali na wakati. Kisha ondoeni jina la msanii, wekeni la mtu asiyejulikana, tuseme mkunga wa Kibirizi au nahodha wa boti, halafu mjiulize kama kwa tendo lilelile mngempa. Ikiwa mngempa, sababu yenu ni nzima, pelekeni mbele. Ikiwa sentensi inaporomoka mara tu jina kubwa linapoondoka, mlichokuwa nacho ni mapenzi ya mashabiki, nayo hayahitaji muhuri wa manispaa. Nawashauri vilevile kwamba kila mara mnapompa heshima mwenye jina, siku hiyohiyo mumpe asiye na jina, kwa hati ileile. Mwenye jina ataleta watu, na watu wakishakuja watamwona na yule mwingine.

Ombeni baraza liweke utaratibu kabla ya mtu wa kwanza: kura ya theluthi mbili, isiyopigwa katika miezi ya kampeni za uchaguzi, wasizidi wawili kwa mwaka, na mwaka usio na anayestahili upite bila mtu, sababu iandikwe neno kwa neno katika muhtasari, na iwepo njia ya kuifuta heshima, kwa kura kama ile iliyoitoa. Jina la baba lisomwe na watu wawili kabla ya kuchapwa.

Umeniuliza mwanzoni kuhusu ufunguo wenyewe. Mji wenu haukuwahi kuwa na ukuta wala lango. Umefunguka ziwani tangu enzi za misafara, na ufunguo hapo ni neno la kuazima. Mafundi wa mitumbwi mnao Kibirizi na Katonga. Mwombeni mmoja wao achonge kasia la mninga, urefu wa kasia la kweli, lenye uzito wa kasia la kweli, na juu ya ubapa wake achome kwa chuma cha moto ile sentensi moja iliyopitishwa na baraza, jina la mtu, jina la baba yake, na tarehe ya kikao. Achonge na la pili linalofanana nalo, litundikwe katika ukumbi wa madiwani. Bei yake mtapatana naye. Nadhani haitafika hata bei ya kukodi turubai moja.